Kengele za Marehemu Iakovos

Pireo, 5 Oktoba 1986

Mdogo wangu Florio,

Nakusalimu wewe, namsalimu mkeo Anthousa, namsalimu mwanenu Iakovos mwenye jina la ndugu yetu, na mbuzi wote wanaokufahamu. Sisi huku hatujambo. Thodoris mguu wake umepoa, sasa mume wangu huyo analalamikia ule mwingine. Mwenye nyumba hanisemeshi tangu nilipomwambia kuwa paka wake ni mwizi. Jibini lako limefika salama, na nusu yake paka huyohuyo amekula, kwa hiyo sikumsingizia.

Ama baada ya salamu, nina jambo. Unajua kwamba nafua mashuka ya hospitali. Mwezi uliopita wodi ya moyo ilimpokea mwanamke wa rika langu, mtu wa kisiwani kwetu, tena wa milima yetu. Nywele zake ni zilezile zetu, za kujisokota, zisizokubali kitana. Viganja vyake vinene na vya manjano, ngozi imekuwa gamba, na nyayo vivyo hivyo. Ni kama vyangu, na kama vya marehemu ndugu yetu. Daktari ni kijana, anaitwa Sarris. Akamuuliza, mama, umefanya kazi gani mpaka mikono ikawa hivi? Akajibu kwamba usichanani alichambua mawe ya msasa, yale ya kunolea vyuma, kwenye migodi ya Naksos. Daktari akauliza ameacha lini. Akasema miaka thelathini na minne iliyopita. Yule kijana akavigeuzageuza vile viganja, akasema, "Mama yangu, sugu za msasa zingekuwa zimeshatoka zamani."

Anasema ameshaona wagonjwa watano wa kisiwa chetu, wote wana nywele hizo na viganja hivyo, na wote mioyo yao inaruka mapigo wakikimbia, wakibeba mzigo au wakishtuka. Vitu hivi vitatu vinazaliwa pamoja. Na sisi, Florio, tulikuwa tukimwona mtoto wa namna hiyo tunapiga makofi. Bibi alikuwa anambusu marehemu viganja akisema huyu kazaliwa na mikono ya mgodi, hatalala njaa.

Mwanao ana nywele zile na viganja vile. Je, amewahi kuanguka au kuzimia? Nijibu kwa barua. Simu ya mkahawani siitaki, maana ukitamka neno moyo pale, kabla ya jioni watu wameshachimba kaburi.

Dada yako,
Argiro

—

Kijijini, Naksos, 9 Novemba 1986

Dada mkubwa, nakuamkia.

Usihesabu kuwa nimechelewa kwa kiburi. Upepo ulizuia meli siku nane, halafu mavuno ya zeituni yakaanza, na ukiwa na zeituni huna ndugu. Anthousa anakusalimu, amekutengenezea jamu, itakuja na kifurushi kijacho pamoja na jibini la pili. La paka litie pembeni mapema. Mbuzi jike mweusi, yule mwenye tabia ya mama mkwe wako, amezaa mapacha wawili, wazima wote. Paa la zizi linavuja upande wa kaskazini. Kuhani wetu mpya anaimba vizuri lakini anahubiri mpaka mishumaa inaisha, na wazee wameanza kuja kanisani na mito ya kukalia.

Nimesoma habari za daktari wako. Kijana huyo ameshika nyundo lini? Viganja vyetu ni vya msasa. Babu alichimba, baba alichimba, mimi nimechimba tangu nina miaka kumi na minne. Kitu kikikaa kwenye ukoo miaka mia kinaingia kwenye damu, haihitaji shahada kujua hilo. Vyangu vimekuwa laini kwa sababu nimefanana na upande wa mama, na nilitaniwa sana kwa sababu hiyo, wewe unakumbuka.

Umeuliza kama Iakovos amewahi kuanguka. Milima hii, nani hajaanguka? Mwezi wa nane alikaa chini kidogo pale mdomoni mwa mgodi kwa sababu ya joto. Mama yake akadondosha mafuta kwenye maji, akamsomea dua ya kijicho, kijana akainuka akaomba chakula. Ni husuda tu. Mtoto ana miaka kumi na tisa, ana mabega, wasichana wanamwangalia, na wenye wana wembamba wanatuonea gere.

Na habari njema nimeiweka mwisho. Kanivali hii, kabla ya Kwaresima, anavaa kengele kiunoni na kukimbia na wanaume kwa mara ya kwanza. Atavaa zilezile za marehemu, mikanda yake nimeshaipaka mafuta. Mwambie Thodoris apande meli aje kuona wanaume wakikimbia, badala ya kukaa akizihesabu nyonga zake.

Mdogo wako,
Florios

—

Pireo, 28 Novemba 1986

Florio,

Salamu kwa wote, na hongera kwa mapacha wa yule mbuzi, ingawa mama mkwe wangu marehemu alikuwa na ndevu fupi zaidi. Sisi wazima.

Umeniandikia ukurasa mzima wa mbuzi na makuhani, na mistari minne ya mwanao. Nimeisoma hiyo minne mpaka karatasi imelegea. Mtu aliyezoea jua la mgodini tangu utoto hadondoki kwa joto. Na kijicho sikikatai, nimelelewa nacho kama wewe, lakini kijicho hakichagui nywele.

Nikueleze yule mwanamke alivyoanguka. Alikuwa anapanda ngazi kwenda ghorofa ya tatu na kapu la nguo mbichi. Mlango ukabamizwa nyuma yake, akashtuka. Hapo moyo ukaanza kukimbia bila mpango, ukakosa hata nafasi ya kusukuma damu, akaja kuzinduka chini ya ngazi. Hospitalini wakamlaza na kumwunganisha na mashine inayochora mapigo. Akiwa amelala, mistari imetulia. Walipomtembeza kwa kasi kwenye mkanda wa mashine unaokimbia chini ya miguu, mistari ikavurugika mpaka daktari mwenyewe akauzima. Daktari anasema moyo huu ukipumzika hauna kesi na mtu. Utie mbio, mzigo na hofu kwa pamoja ndipo unaua.

Sasa hesabu mwenyewe. Kilo arobaini za kengele kiunoni, joho la sufu mpaka usoni, kupanda na kushuka ngazi za kijiji kwa mbio, na watu wanapiga kelele kila kibaraza. Hata adui asingebuni kitu kibaya zaidi kwa mtoto huyo.

Na ndugu yetu je, Florio? Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Nani alimpima? Tunasema alikufa akicheza. Mimi naanza kuamini kwamba aliuawa na kucheza.

Mlete mtoto. Nauli nitalipa mimi. Ni sindano moja na mashine moja, halafu mtarudi kwa mbuzi wenu.

Argiro

—

Kijijini, 21 Desemba 1986

Dada,

Heri ya sikukuu kwako na kwa Thodoris. Kifurushi amekichukua dereva wa basi.

Baba alipokuwa anakata roho alituachia maneno mawili, tusiuze shamba la juu na tusimseme marehemu Iakovos vibaya. Shamba la juu nimelilinda. Kijiji chote kinajua ndugu yetu alikufa vipi. Alikufa Jumapili ya kanivali, mbele ya wenzake, mbele ya watu mia tatu, kengele ziko kiunoni. Wazee mpaka leo wakipita mlangoni kwangu wanavua kofia. Wewe unataka nikawaambie alikuwa mgonjwa? Kwamba tulikuwa na mgonjwa nyumbani na hatukujua?

Usimguse marehemu. Mengine yote sema, wewe ni mkubwa wangu, lakini hapo usiguse.

Halafu kuna jambo moja. Mimi sikusoma sana, lakini si mjinga. Huyo mwanamke wa rika lako aliacha msasa miaka thelathini na minne iliyopita. Mwaka uleule ulioolewa. Anaanika nguo ghorofa ya tatu. Wewe unakaa ghorofa ya ngapi, Argiro?

Florios

—

Pireo, 8 Januari 1987

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Nakusalimu kwa moyo huohuo unaouulizia.

Ndiyo, ni mimi. Nililazwa siku kumi na saba. Mashuka niliyolalia nilikuwa nimeyafua kwa mikono yangu wiki moja kabla, na nikagundua kuwa yanakwaruza. Sasa nakunywa vidonge asubuhi na jioni, kazini wamenikalisha mezani nakunja taulo, na Thodoris ndiye anayepanda na kapu. Jirani wanacheka kumwona baharia mzima anaanika chupi. Yeye anaimba kwa sauti ili wacheke vizuri. Sikujua kuwa nimeolewa na mtu wa namna hiyo, na imenichukua miaka thelathini na minne kujua.

Nilikudanganya kwa sababu nakufahamu. Ningekwambia ni mimi, ungeniogopea mimi, ungeniletea asali na picha takatifu ya Bikira, na mtoto ungemsahau. Nilitaka umwogopee mtoto. Nimekosea, nisamehe.

Moyo wangu umekuwa ukiruka tangu usichana. Kila nilipopandisha kikapu cha mawe ulikuwa unapapatika, nakaa, unatulia. Mama akiuliza una nini, nasema nafunga kiatu. Sikuwahi kumwambia mtu. Kijijini kwetu mwenye mikono ya mgodi hachoki, na mimi nilikuwa naionea fahari mikono hiyo.

Sasa la mwisho, na usimgombeze mkeo, maana nikisikia umemgombeza nitakuja huko na vidonge vyangu mfukoni. Chini ya kifuniko cha jamu kulikuwa na karatasi. Anthousa ameandika kwamba mtoto ameanguka mara tatu. Mara ya pili alikuwa ameganda, midomo ya bluu, mpaka alipompiga kifuani kwa ngumi. Ameandika pia kwamba wewe ulikuwepo, uliona kwa macho yako, na umemkataza kusema.

Florio, wewe si mtu mkatili. Nimekubeba mgongoni, nakujua. Ukiona mtoto wako ana midomo ya bluu, halafu unakwenda kupaka mafuta mikanda ya kengele, basi kuna kitu kinachokutisha kuliko kifo chake. Niambie ni nini.

Dada yako

—

Pireo, 11 Februari 1987

Florio,

Siku thelathini na nne bila jibu. Upepo umetulia, meli zinakuja, nimewauliza mabaharia.

Juzi nilimeza kiburi nikapiga simu mkahawani. Mwenye mkahawa akasema hujafika tangu asubuhi. Nyuma yake nilisikia mtu anakohoa. Kikohozi chako nakijua tangu ukiwa na surua.

Jumapili ya kanivali ni tarehe mosi Machi. Sijui kuandika zaidi ya hapa. Ukimfunga mtoto zile kengele, usiniandikie tena, wala mimi nikifa usije.

Argiro

—

Kijijini, 22 Februari 1987

Dada yangu Argiro,

Nakuamkia. Anthousa hajambo, mbuzi wazima, na sitaongeza kitu kuhusu mbuzi.

Barua hii nimeianza mara tano na nne zimeingia jikoni kuwashia moto. Ile siku ya simu nilikuwepo. Nilimfanyia mwenye mkahawa ishara kwa mkono. Niliposikia umekata, nilitoka nikaenda mpaka mgodini, nikakaa huko mpaka baridi ikanifukuza.

Umeuliza ni kitu gani. Ni hiki.

Ile Jumapili, mwaka hamsini na nane, tulikuwa wanane. Tulishuka kutoka mtaa wa juu kwa mbio, na Iakovos alikuwa mbele kama kawaida yake. Tulipofika kwenye bomba la maji, kabla ya ngazi ndefu za kanisani, akasimama. Akakaa kwenye jiwe, akavua kofia ya joho, uso wake ulikuwa na rangi ya jibini. Akaniita mimi, kwa sababu nilikuwa ndugu yake. Akasema polepole wenzetu wasisikie, "Florio, moyo wangu unaruka vibaya. Waambie tupumzike kidogo, useme umechoka wewe."

Hicho tu ndicho alichotaka, dada. Niseme nimechoka mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Viganja vyangu laini, umri wote nimetaniwa navyo, na yeye ndiye mwenye mikono ya mgodi. Kwenye kibaraza juu yetu walikuwa wamekaa wasichana, na mmoja wao ni huyu Anthousa. Nikainua sauti ili wasikie wote. Nikasema, "Kaa basi mwali, nikakuletee gauni la mama." Wasichana wakacheka, wenzetu wakacheka. Iakovos aliniangalia. Hakukasirika, aliniangalia tu. Akavaa kofia yake, akainuka, akapanda zile ngazi kwa mbio zaidi kuliko nilivyowahi kumwona akikimbia. Alipofika juu akaanguka mbele ya mlango wa kanisa. Kengele ziliendelea kulia kidogo kwa sababu alikuwa akibiringika, na watu wakadhani ni sehemu ya mchezo wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Basi ndiyo hivyo. Kama alikufa akicheza, ni Mungu aliyemchukua, na mimi ni ndugu wa shujaa. Kama alikuwa mgonjwa, mimi ndiye mtu pekee katika kijiji hiki aliyeambiwa na mgonjwa mwenyewe, na nikamjibu vile. Miaka ishirini na tisa nimevuliwa kofia na wazee kwa sababu ya shujaa huyo. Barua yako ya kwanza niliielewa siku ileile ilipofika. Sikuhitaji ya pili. Niliposoma mapigo yanayoruka, nilimsikia marehemu. Na mwanangu alipokuwa amelala mdomoni mwa mgodi na midomo ya bluu, niliona uso uleule, rangi ileile. Nikajiambia ni kijicho, kwa sababu ningesema ni moyo ningelazimika kusema na mengine yote.

Jana mchana nilimkuta mtoto uani anajipima kengele, ameshafunga mikanda miwili. Nikamwambia zivue, kaa. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, na gauni la mama nikalitaja. Sikupunguza. Mama yake alikuwa mlangoni na bakuli mkononi. Alikuwepo kibarazani siku ile na alicheka pia, na miaka yote hii hatujawahi kulizungumza, hata mara moja.

Iakovos akazisogeza kengele kwa mguu. Halafu akaniuliza, "Baba, kama shangazi asingeandika, ungenifunga hizi?"

Nikamwambia ndiyo. Ningekufunga kwa mikono yangu, na ningejivuna.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei aliyoitegemea. Akasema, "Nimeanguka mara nne, siyo tatu. Ya nne ilikuwa wiki iliyopita, nilikuwa peke yangu kule juu. Sikukwambia kwa sababu nilijua utakavyonijibu."

Dada, nimelia mbele ya mwanangu. Sikulia alipokufa baba wala alipokufa ndugu yetu, jana nimelia na sikujificha.

Leo baada ya ibada nilisimama mkahawani nikawaambia wanaume kwamba Iakovos havai kengele, ana moyo wa marehemu na marehemu alikuwa mgonjwa. Nikaeleza kilichotokea bombani. Mwenye mkahawa akaniwekea kahawa ambayo sikuiagiza, akarudi jikoni. Watakachosema nikitoka ni juu yao.

Tunapanda meli ya Alhamisi, mimi na yeye. Barua hii anakuja nayo dereva wa basi, ataikabidhi melini kesho. Mpokee mtoto kwanza. Mimi, kama hutaki kunipa mkono, sitakulaumu, nitalala kwenye benchi la hospitali.

Mdogo wako,
Florios

—

Simu ya maandishi. Pireo, 24 Februari 1987, saa nne asubuhi

NITAKUWA BANDARINI. KITANDA CHAKO KIPO. BEGI LA MTOTO LIBEBE WEWE. DADA.